Maji, Mavi, Masikio

Asubuhi ya kwanza niliyofungua mlango wa kile kibanda cha mbao, uwanja wote ulikuwa mweupe, nikadhani kuna mtu amemwaga chumvi. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu cheupe kilichotandazwa chini ni chumvi, au ni unga wa muhogo umeanikwa. Nikainama, nikachota kwa kidole, nikalamba. Mzee aliyekuwa amesimama na ndoo mlangoni mwa banda la farasi alinitazama mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza, kwa Kiingereza cha taratibu, kama imekolea.

Huyo alikuwa Ntate Lefa, mtu wa Lesotho, na ndiye aliyenifundisha karibu kila ninachokijua kuhusu wanyama na baridi. Ntate ni neno lao la heshima, kama sisi tunavyosema baba. Kile cheupe kilikuwa umande ulioganda juu ya majani. Miaka mingi baadaye mwalimu mmoja wa madrasa aliniambia kwamba Kiswahili kina neno lake, sakitu. Mimi nilikuwa nimeishi nayo muda wote huo bila kujua ina jina kwetu.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaopita chumbani kwangu hapa Malvern baada ya swala na kuniuliza kama kazi ya farasi ni nyepesi, maana mmesikia kuna mabanda kule nyuma ya Midrand yanatafuta watu. Wengine mmezaliwa hapa hapa. Nawasemesha Kiswahili, mnanielewa vizuri, halafu mnanijibu kwa Kiingereza au Kizulu. Siwakasirikii. Nimeishi na farasi walionielewa Kiswahili wasinijibu kabisa, na tulipatana.

Kwanza mjue kwamba baridi ya huku inadanganya. Mchana jua linawaka, mbingu haina hata wingu, unavua koti unalitundika kwenye uzio. Jua likishazama, ule ukavu wote unageuka kisu. Alfajiri maji ya ndoo yana kifuniko, na ukigonga kifuniko hicho kwa ngumi, ngumi ndiyo inayoumia. Mjini hamlijui hili sawasawa kwa sababu kuta za majirani zinawakinga. Kwenye ploti, yale mashamba madogo ya nje ya mji, ambako upepo unatoka mbali na hakuna wa kuuzuia, baridi inakuwa kama mtu mwingine anayeishi pale, na siku nyingi inakuwa ndiyo mtu pekee.

Mwaka wangu wa kwanza bomba liliganda. Nikaona nifanye la akili. Nikachemsha sufuria ya maji, nikayamimina yote juu ya bomba. Likapasuka kwa mlio mmoja mkali, na maji yakaruka yakanilowesha kuanzia kifuani hadi miguuni. Nilipofika kibandani kubadili nguo, suruali ilikuwa imeshaanza kukakamaa. Nilipoivua, ilisimama yenyewe. Ntate Lefa aliniambia niiache hapo hapo isimame, labda itafanya kazi vizuri kuliko mwenyewe. Basi, bomba la plastiki halimwagiwi maji ya moto. Livishe magunia jioni, liache bomba litone kidogo, na kama limeganda, subiri jua. Ndani ya beseni la kunyweshea weka chupa ya soda uliyoijaza maji ya chumvi, uifunge kizibo. Inaelea, inacheza na upepo, na barafu inashindwa kushikana. Ntate Lefa alikuwa na chupa moja ambayo rangi yake yote ilikuwa imeshafutika.

Kosa la pili lilikuwa la huruma. Kulikuwa na farasi jike mzee, kahawia, uso umeanza kuota mvi. Kwenye karatasi zake alikuwa na jina refu la Kiingereza. Mimi nilimwita Bibi, kwa sababu ukikosea jambo alikuwa anakutazama kama bibi yangu mzaa mama, bila kusema neno. Baridi ilipozidi nikamwonea imani. Nikamvika mablanketi mawili, na juu yake nikaongeza la kwangu. Asubuhi nikamkuta amelowa jasho chini ya mablanketi, na jasho limeanza kupoa mgongoni. Ntate Lefa akasema nimemvalisha kama bibi harusi, amebaki bwana tu. Kisha akaacha utani, akanishika mkono, akaupenyeza chini ya manyoya. Farasi anasimamisha manyoya yake yenyewe, akaniambia, hewa inakaa katikati, ndiyo blanketi lake. Ukimlundikia nguo unayalaza. Akiwa mzee mpe blanketi moja, kavu, na usiku umjazie majani makavu, maana kazi ya tumbo kusaga majani ndiyo jiko lake. Farasi mwenye majani tumboni anaota moto kutoka ndani.

Nyinyi nanyi mtataka kuota moto. Msiingize imbaula, lile jiko la mkaa la debe lililotobolewa, ndani ya kibanda na kufunga mlango. Moshi wake mbaya hauonekani. Mvae magazeti chini ya shati, yanatosha. Nimevaa habari za dunia nzima kifuani mwangu na wala sikuzisoma.

Lakini funzo kubwa la Ntate Lefa lilikuwa fupi. Usimuulize farasi anajisikiaje, alisema, hata kwa macho yako. Angalia kilichoingia, kilichotoka, kisha mshike masikio. Mimi nikaligeuza kwa Kiswahili ili nisilisahau: maji, mavi, masikio. Mtanisamehe kwa neno la katikati, lakini kinyesi hakianzi na herufi ninayoitaka. Baridi ikiingia, farasi hapendi maji, hasa mzee mwenye meno mabovu, maana yanamkata. Asipokunywa huku anakula majani makavu, chakula kinakwama tumboni kama gunia kwenye mlango mwembamba, na huyo anaweza kufa. Kwa hiyo kila alfajiri unampelekea maji ya vuguvugu, unahesabu alichokunywa, unahesabu alichoacha sakafuni, unamshika masikio. Yakiwa na joto la mkono wako, shukuru. Yakiwa ya baridi, usisubiri. Niliandika hayo yote kwenye daftari la shule, safu tatu, kila asubuhi, kipupwe baada ya kipupwe.

Kisha Ntate Lefa akazeeka, akarudi kwao milimani. Siku ya kuondoka alikwenda kumuaga Bibi kwanza, mimi akaniaga baadaye. Aliniambia mambo mawili tu: kwamba ile chupa nisiitupe, na kwamba Bibi sasa ni wangu.

Farasi walikuwa wanne, wakawa wawili, akabaki Bibi. Mwenye ploti, mjane wa Kizungu niliyemwita Madam kama kila mtu, alikuwa anaishi mjini na magoti yalimsumbua. Alikuja kila Jumamosi, halafu Jumamosi moja moja. Aliniambia wazi, bila ubaya, kwamba anaiweka ile ploti kwa ajili ya Bibi tu. Bibi akiondoka, wanunuzi wenye maghala wameshapiga simu mara nyingi.

Hivyo nilijua. Bibi akivuka kipupwe, nami nimevuka.

Upweke wa kazi hii hakuna atakayewaambia, kwa hiyo nawaambia mimi. Ng'ambo ya ukuta walijenga nyumba za watu wenye uwezo, na jioni nilisikia harufu ya nyama yao ikichomwa, nikasikia vicheko, na sikuwahi kuona uso hata mmoja. Malori yalipita barabara kuu. Redio ilisema mambo. Zilipita wiki ambazo maneno yote niliyoyatamka kwa sauti, ukiondoa ya swala, niliyatamka kwa farasi. Nilimsimulia habari za ndugu zangu mmoja mmoja. Nikimsafisha kwato, au akishtushwa na fataki, nilikuwa namwambia neno moja, polepole, mkono shingoni: poa, Bibi, poa. Naye alikuwa anashusha kichwa mpaka paji la uso linagusa kifua changu. Neno hilo alilijua kuliko jina lake.

Siku moja, nikiwa nakata majani kando ya uzio, nikasikia mtu anaongea Kiswahili kwenye simu. Nilisimama kama niliyeitwa. Alikuwa mlinzi wa geti la zile nyumba, mtu wa Bukavu, jina lake Baba Furaha. Nilimsalimia kwa haraka nisije nikampoteza, na kwa kuwa sikuwa na habari nyingine, nikamwambia nina wasiwasi, bibi yangu hajanywa maji tangu jana.

"Pole sana, Papa. Ulimpeleka hospitali?"

"Daktari amesema nimtembeze uwanjani."

"Na usiku analala wapi?"

"Bandani. Akilala kwangu atavunja sakafu."

Kwao Kongo, bibi ni mke. Tulipoelewana alicheka mpaka akaegemea uzio, na tangu hapo kila akipita aliniuliza kama mke wangu amekula majani vizuri. Alinitania pia kwa nguo zangu. Watu wa baharini, alisema, baridi kidogo mnavaa maganda kama kitunguu, siye Bukavu tunatembea. Nami nilimwona, siku alipodhani sipo, amejifunga taulo la kuogea kiunoni ndani ya sare.

Tukawa tunakunywa chai uziani, yeye akitoka zamu, mimi nikimaliza kulisha. Kiswahili chake na changu vilipatana kama ndugu waliolelewa nyumba mbili. Sikujua kwamba kuna neno moja hatujakubaliana maana yake.

Ilikuwa Jumapili, katikati ya baridi mbaya kuliko zote nilizoziona pale. Redio ilikuwa imesema upepo unatoka kusini kwenye theluji. Siku hiyo kulikuwa na maulidi hapa Malvern. Nilikuwa sijakaa na watu wangu kwa miezi. Alfajiri nikawasha taa, nikafungua daftari, nikaandika, na daftari ninalo hadi leo. Maji: nusu ndoo. Mavi: machache, makavu. Masikio: ya baridi kidogo.

Someni tena hayo, nyinyi mnaotaka kazi hii. Mtu aliyeandika hivyo alipaswa kufunga daftari, kumpigia daktari na kubaki. Mimi nilifunga daftari nikavaa kanzu. Nilijiambia masikio ya kila mtu ni ya baridi leo. Nilimwomba Baba Furaha, aliyekuwa anatoka zamu ya usiku, ampelekee Bibi maji ya vuguvugu na kumwangalia, nikapanda teksi.

Sitawaficha kwamba ilikuwa siku nzuri. Dufu lilipigwa, vijana wakasimama safu mbili wakiyumba pamoja, akina mama walikuwa wamepika pilau inayonukia mpaka barabarani. Watu waliniita kwa jina langu lote. Mchana nikatoka mlangoni, kidole kimoja sikioni, nikampigia Baba Furaha. Nikamuuliza, "Bibi vipi?"

"Amepola, Papa."

Kwake yeye kupola ni kupoa, na kilichopoa kimepoteza moto. Alikuwa ananiambia kwamba mnyama ameishiwa joto, amenyamaza, hajitikisi. Mimi nilisikia poa. Nilisikia lile neno la vijana wa Dar, mambo poa, kila kitu poa. Na zaidi ya hapo, ndani ya nyumba kulikuwa na sahani yangu na watu waliokuwa wananisubiri, kwa hiyo nilisikia nilichokuwa nakitaka. Nikasema alhamdulillahi, nikamwambia nitarudi jioni, nikazima mlio wa simu ili usikatize kasida. Sikumuuliza maji. Sikumuuliza mavi. Sikumuuliza masikio.

Nilipoitoa simu mfukoni ilikuwa imejaa jina lake. Nikampigia palepale barabarani, Jules Street. Aliniuliza niko wapi, akasema Bibi ameanguka chini. Nikampigia Madam, Madam akampigia daktari, nami nikaanza safari ya teksi mbili. Sijawahi kuona robot, hizi taa za barabarani, nyingi nyekundu namna ile. Kwenye teksi abiria mmoja alinipa pole kwa kufikiri natoka mazikoni, kwa sababu ya kanzu.

Nilifika jua likiwa bado juu ya maghala. Bibi alikuwa amelala ubavu karibu na beseni, shingo imenyooka. Juu ya shingo kulikuwa na koti la sare la Baba Furaha, lile zito lenye maandishi ya njano, na mwenyewe alikuwa amechuchumaa pembeni na shati tu, ananyoosha majani makavu chini ya kichwa chake. Ndoo ya maji ilikuwa imejaa mpaka juu, haijaguswa. Nilimshika masikio. Nilifunua mdomo, ufizi ulikuwa mweupe. Niliweka sikio langu tumboni, pale ambapo farasi mzima ananguruma siku nzima kama mashine ya kusaga, na hapakuwa na sauti yoyote.

Nikamgeukia Baba Furaha. Nilimwambia maneno ninayoyaonea aibu hadi leo. Nilimuuliza ni mlinzi wa namna gani, kwa nini aliniambia amepoa.

"Nilikuambiaka, Papa," akasema, meno yanagongana. "Nilikuambiaka amepola."

"Poa ni mzima."

"Poa ni baridi."

Tulitazamana juu ya ubavu wa Bibi, na kwa mara ya kwanza tukasikia. Hakuna aliyekuwa amedanganya. Alikuwa amenipa safu ya tatu ya daftari langu kwa neno moja, na mimi ndiye niliyekata simu.

Daktari alikuja kabla ya jua kuzama, mama mmoja mwenye mikono ya haraka. Alipima, akapapasa, akatingisha kichwa taratibu. Utumbo ulikuwa umejisokota. Alfajiri, alisema, pengine. Sasa hapana. Akazungumza na Madam kwa simu, akanipa simu, na Madam akaniomba nimshike kichwa, kwa kuwa Bibi ananijua mimi. Nilipiga magoti na kanzu yangu ya maulidi. Daktari akatafuta mshipa wa sindano ya mwisho. Bibi akaogopa sindano, akainua shingo kwa nguvu ambayo sikudhani bado anayo.

Nilikuwa na neno moja tu la kumtuliza. Nikasema poa, Bibi, poa.

Akashusha kichwa, akaweka paji la uso kifuani mwangu kama kila siku.

Baadaye niliokota ile chupa ya Ntate Lefa kwenye beseni. Maji ya pembeni yalikuwa yameanza kuganda upya. Nikarudi kibandani, nikafungua daftari kwenye ukurasa wa siku hiyo, na chini ya neno masikio nikaandika kitu ambacho sitawaambia.

Ploti iliuzwa, kama ilivyokuwa lazima. Madam alinitafutia kazi kwenye mabanda makubwa, yenye mabomba yaliyofukiwa chini na mabeseni yanayopashwa joto na umeme, na mashine inayomuarifu daktari kwenye simu. Nimeyaona, ni mazuri. Nilifanya kazi huko mpaka magoti yangu nayo yakawa kama ya Madam. Lakini wale vijana wa mabanda makubwa wakinipokea zamu nilikuwa nawakataza jambo moja. Usiniambie yuko sawa. Usiniambie yuko fiti, sharp, fresh. Niambie amekunywa ndoo ngapi, ameacha marundo mangapi, na masikio yake uliyashika saa ngapi. Walinicheka, eish, huyu madala, yaani mzee, na mavi yake. Walikuwa wananijibu hata hivyo.

Sasa nimebaki na chumba kimoja, hita ya waya mbili, mmoja hauwaki, na nyinyi. Nyinyi mnapita, mnaweka kichwa mlangoni, mnasema, Babu, uko poa? Nami nasema poa, mnakwenda zenu. Siwalaumu. Swali lenyewe ndilo linalojijibu.

Baba Furaha aliacha ulinzi. Bibi yake, yule wa kweli, ana cherehani Jules Street, naye anamsaidia kukata vitambaa. Ikiingia baridi hupiga simu kila asubuhi, na hasalimii kwanza.

Jana uwanja wa shule hapo mkabala ulikuwa mweupe tena. Simu ikalia.

"Papa Bakari, umekunywa?"

Nikamwambia chai, kikombe kimoja.

"Ulienda ku choo?"

Nikamwambia hilo ni langu na Mungu wangu. Akangoja. Nikamjibu.

"Masikio?"

Niliweka mkono sikioni kabla ya kusema, kama tulivyofundishwa. Kisha nikamjibu kwa Kiswahili chake, ili safari hii tusikosane. Nikamwambia, "Yamepola."

Akasema nisizime simu, anavaa viatu.